Skrini ya Saba Inasema Sabini na Tano

Juni 10, Jumatatu

Daftari hili kaninunulia mke wangu, Feli, baada ya mimi kufungua redio ya jirani na kusahau nilikoweka skrubu zake. "Andika, Santo," kasema. "Kila unachokigusa, andika. Kichwa chako siku hizi kinavuja kuliko hili paa."

Haya, naandika. Mimi Crisanto Bermejo, fundi wa televisheni hapa Roxas kwa miaka thelathini na minne. Siku hizi watu hawatengenezi televisheni, wanazitupa, kwa hiyo sasa nina duka la kompyuta kumi chumba cha mbele, vijana wanakuja kucheza. Leo imenyesha mvua ya kwanza ya msimu. Paa limevuja juu ya kompyuta ya pili. Nimeweka ndoo.

Juni 13, Alhamisi

Ng'ambo ya barabara amefungua duka kijana mmoja, Edsel Tupas. Kiyoyozi, viti vyekundu, na bango kubwa mlangoni limeandikwa 144. Maana yake skrini zake hubadilisha picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde. Zangu nilizinunua zimeshatumika Japani, na hubadilisha mara sitini. Sitini inatosha. Macho ya binadamu ni yaleyale tangu enzi za Adamu.

Jioni kaja kunisalimia na sahani ya tambi. Tambi nimekula. Yeye simpendi.

Juni 17, Jumatatu

Mvua. Wateja watatu.

Juni 18, Jumanne

Mvua. Wateja wawili, na mmoja wao alikuwa anajikinga tu.

Juni 22, Jumamosi

Niandike habari za Jonalyn, maana ndizo zinazoiendesha nyumba hii.

Jonalyn ni mtoto wa dada yake Feli. Mama yake, Rosenda, alikwenda Kuwait kufanya kazi za ndani mtoto akiwa na miaka minne, na mpaka leo yuko huko. Sisi ndio tuliomlea, na mimi ananiita Tiyo, yaani mjomba. Mama yake anamjua kwa simu, ile picha inayokwama mdomo ukiwa wazi halafu sauti inafuata baadaye. Sasa binti ana miaka ishirini. Asubuhi anachambua chaza sokoni, mchana anakaa kwenye kompyuta ya saba na kucheza ule mchezo wa watu watano kwa watano wanaorushiana risasi. Anacheza vizuri mno, na si mimi ninayesema. Timu moja ya kulipwa ya mji wa Iloilo imemwandikia aende kujaribiwa Septemba 21. Akipita wanampa chumba, mshahara, na kumsomesha chuo. Asipopita, Oktoba 5 anapanda ndege kumfuata mama yake kwenye kazi ileile. Karatasi zote ziko tayari, hata vipimo vya hospitali.

Feli hataki kulizungumzia. Anapika tu kwa kishindo, sufuria zinalia.

Juni 29, Jumamosi

Leo Jonalyn na wenzake wamecheza na vijana wanaokaa kwa Edsel, sisi upande huu wa barabara, wao upande ule. Wamefungwa vibaya. Jonalyn kavua vile vya masikioni, kavitupa mezani.

"Tiyo, sikumwona! Nimekaa kwenye kona namsubiri, nashtukia nimekufa."

"Ulipepesa macho."

"Sikupepesa! Wao wanaona mapema. Kila mimi nikiona picha moja, wao wameshaona mbili na ushee."

Mara Edsel huyo, kaingia na mwavuli wake unachuruzika kwenye sakafu yangu. "Mzee Santo, samahani kwa leo. Nilikuwa nasema, mwache binti aje afanye mazoezi kwangu mpaka siku yake ya majaribio. Bure kabisa. Hata kesho aje."

"Ana kwao," nikamwambia.

Kaondoka kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Jonalyn kavivaa tena vile vya masikioni. Feli kasema mengi.

Julai 2, Jumanne

"Basi ziongeze hizi," kaniambia Jonalyn leo tukila. "Watu wanafanya, Tiyo. Unaingia kwenye mipangilio, unaiambia kompyuta itume picha sabini na tano badala ya sitini. Skrini nyingi zinakubali."

"Kitu kimeandikwa sitini ni sitini. Unadhani aliyeitengeneza alisahau hesabu?"

"Labda naye alikuwa mwoga kama wewe."

Ala! Feli kacheka mpaka kapaliwa na wali.

Julai 4, Alhamisi

Mvua kutwa, hakuna mteja, kwa hiyo nimekaa nikafikiri.

Ubaya naujua. Nimeona televisheni ngapi zimeuawa na watu waliotaka mwanga zaidi, sauti zaidi, kila kitu zaidi. Ukikisukuma kitu kupita kiwango alichokikadiria aliyekitengeneza, kinapata joto, na joto halina haraka, linakula polepole. Skrini ikifa msimu huu sina nyingine ya kuweka, na duka la kompyuta kumi litageuka la tisa. Na faida yenyewe iko wapi? Kati ya picha moja na inayofuata, kwa sitini, ni muda ambao hata kope haijafika chini. Kwa sabini na tano unapunguza sehemu moja ya tano ya huohuo muda mdogo. Nani atakayeuona?

Lakini nimekumbuka kitu. Zamani, skrini zile nene za kioo, mimi mwenyewe nilikuwa naziona zikitetema pembeni mwa jicho. Milagrosa, mtunza vitabu wa parokia, alikuwa anaumwa kichwa kila siku kwa sababu ya kompyuta ya ofisini. Nikampandishia kutoka sitini hadi themanini na tano, kichwa kikapona. Alinibusu mkono. Kwa hiyo siwezi kusema jicho halioni. Jicho linaona hata kile ambacho mwenyewe hajui kuwa anakiona.

Na Oktoba 5 iko palepale.

Julai 6, Jumamosi

Nimefanya.

Nilianza na ya kumi, ile mbovu mbovu. Sitini na tano, sawa. Sabini, sawa. Sabini na tano, ikazima ti! Katikati ya giza kikatokea kisanduku kikisema kipimo kimezidi. Baada ya sekunde kumi na tano picha ikarudi yenyewe, maana kompyuta isipothibitishiwa inarudi ilikotoka. Jonalyn alikuwa nyuma yangu, kanishika bega. "Pumua, Tiyo."

Ya tisa ikakubali, lakini picha ikawa na mistari ya maji maji. Nimeirudisha. Ya tatu na ya tano nimeziacha sabini. Ya pili imechukua sabini na tano. Na ya saba, yake Jonalyn, imeipokea sabini na tano kama inakunywa maji. Hakuna mstari, hakuna kutetema. Nikafungua menyu ya skrini yenyewe, ile ya vitufe vya chini, nayo imeandika wazi: 75.

Mimi ni mtu wa mita, chombo cha fundi cha kupimia. Mita ikisema, nimeridhika. Nimekata karatasi, nikaandika 75 kwa wino mwekundu, nikaibandika juu ya ya saba.

Jonalyn kacheza nusu saa. "Tiyo! Ni laini! Ni laini kama siagi!" Vijana wote wakataka kukaa pale.

Julai 7, Jumapili

Baada ya misa nimepita mbele ya duka la Edsel polepole kidogo kuliko kawaida.

Julai 15, Jumatatu

Wateja tisa. Wote wanaitaka ya saba. Jonalyn akifika wanampisha.

Julai 20, Jumamosi

Tumewafunga watu wa Edsel! Jonalyn peke yake kaua kumi na tisa. Alikuwa anafyatua kwenye pembe ya ukuta kabla mtu hajatokeza, na mtu akitokeza anakutana na risasi. Kijana mmoja wa upande ule kavuka barabara na mvua yote ile, kaja kumwangalia usoni. "Unaona kupitia ukuta wewe?"

"Skrini yangu sabini na tano," kamjibu.

"Yangu mia arobaini na nne!"

"Basi nenda kaiambie ikuonyeshe."

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Feli kapika kuku.

Agosti 3, Jumamosi

Umeme unacheza. Unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika.

Agosti 5, Jumatatu

Skrini ya pili imekufa. Asubuhi nimeiwasha, ikatoa mlio mwembamba na harufu ya plastiki ya moto, basi. Nimeifungua. Kapasita mbili zimevimba.

Ni ile sabini na tano niliyoisukumia? Ni umeme wa juzi? Ni ndoo ya juu yake iliyojaa siku ile nikasahau kuimwaga? Nimekaa na fundi wa miaka thelathini na minne ndani ya kichwa changu, na hajui. Feli kauliza nitaandika nini kwenye daftari. Nimemwambia nitaandika kuwa sijui.

Nimezirudisha zote sitini, isipokuwa ya saba. Ile siwezi kuigusa. Jonalyn hajafungwa tangu Julai.

Agosti 19, Jumatatu

Rosenda kapiga simu. Picha imekwama robo saa nzima, jicho moja limefumba. Feli alizungumza na hilo jicho kana kwamba yote yako sawa. Alipokata kasema, "Dada yangu nampata vipande vipande, kama nyama ya mgao."

Wakala wa kazi za Kuwait wamemtumia Jonalyn tarehe ya semina ya wasafiri. Ataenda, kasema, kwa tahadhari tu.

Septemba 2, Jumatatu

Mvua.

Septemba 3, Jumanne

Mvua. Ndoo tatu.

Septemba 12, Alhamisi

Edsel kaja tena, safari hii kabeba kifaa cha kompyuta kinachopokea umeme, kimeungua. Fundi mwingine hapa Roxas hakuna, ni mimi tu. Nilitaka kumwambia nina kazi nyingi, lakini duka zima lilikuwa linamwonyesha kuwa sina.

Nikamfungulia mlango wa karakana. Nikiwa nachomelea, yeye anatazama mikono yangu kama mwanafunzi. Kumbe baba yake naye alikuwa fundi wa redio kule Mambusao, kafariki Edsel akiwa sekondari. "Harufu hii ya risasi ya kuchomelea," kasema, "ndiyo nyumbani kwetu." Nikamwambia ashike koleo.

Akitoka, kasimama mbele ya ya saba, ile karatasi yangu nyekundu. "Ndiyo hii inayonitesa? Umeipima kwa kamera?"

"Kamera ya nini? Menyu yake yenyewe inasema sabini na tano."

Naona alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kunivunjia heshima. "Mzee, menyu inasoma kinachoingia. Kompyuta inatuma sabini na tano, skrini inazipokea zote. Lakini haisemi imeonyesha ngapi. Nyingine zinashindwa kwenda na kasi, kwa hiyo zinaruka. Inatupa moja, inaendelea."

"Yangu hairuki."

"Huenda. Mimi nilidanganywa na tatu kabla sijanunua hizi." Kanifundisha kipimo: unaweka picha ya visanduku vinavyowaka kimoja baada ya kingine, unapiga picha kwa kamera inayofumba polepole. Visanduku vikitoka vimewaka vyote mfululizo, skrini yako ni kweli. Ukiona pengo, inaruka.

Kaniachia kamera yake. Nimeiweka kabatini.

Septemba 14, Jumamosi

Jonalyn alikuwa kwenye ile semina. Nimefunga mlango, nikaipima.

Vinne vinawaka, kimoja giza. Vinne vinawaka, kimoja giza. Mstari mzima, mpaka mwisho.

Nimepiga picha kumi na moja. Zote sawa.

Kila picha tano, skrini inatupa moja. Jonalyn haoni sabini na tano. Anaona sitini zilezile, tena zenye mashimo, mbaya kuliko nilivyoikuta. Tangu Julai 6. Mimi, Crisanto Bermejo, niliyewafokea wanagenzi mara elfu kwamba usipime umeme unaoingia ukadhani umepima unaotoka, nimesoma mlango wa mbele nikabandika karatasi.

Na zile mia moja arobaini na nne za kweli zilikuwa hatua ishirini kutoka hapa, bure, na aliyesema "ana kwao" ni mimi.

Septemba 16, Jumatatu

Sijamwambia. Leo kashinda mara nne. Kila akishinda anaigonga ile karatasi yangu kwa kidole, kama watu wanavyogusa sanamu kanisani.

Nikimwambia, zimebaki siku tano, namvunja moyo. Nisipomwambia, anakwenda Iloilo akiamini uongo wangu, na kule atakalishwa mbele ya skrini ya kweli ambayo hajawahi kuizoea. Nimejaribu kuyapima haya kama nilivyopima mwezi wa saba. Mita ya hili sina.

Septemba 18, Jumatano

Feli kaniuliza kwa nini sili.

Septemba 19, Alhamisi

Kimbunga kinakuja. Redio imetangaza onyo namba mbili. Nimepigilia mbao madirishani. Edsel kavuka barabara na nyundo yake bila kuitwa, kapigilia za upande wa juu nisizozifikia. Nimemwambia asante. Neno lenyewe lilikuwa na kutu.

Septemba 20, Ijumaa

Leo nitaandika hadi mwisho hata mkono ukiuma.

Kimbunga kimepita alfajiri. Watu wote salama, nyumba zimesimama, lakini maji yamefunika daraja na hakuna basi la kwenda Iloilo mpaka Jumatatu. Umeme hakuna mji mzima. Jonalyn kakaa kwenye ngazi na begi lake limefungwa, viatu mkononi. Saa nne timu wamemwandikia: wote waliokwama wacheze kutoka waliko, kesho saa nane mchana, kamera ikiwaangalia. Asiyeweza, basi.

Karuka. "Tiyo, tukodi jenereta! Tuiwashe ya saba tu. Moja tu inatosha!"

Nikamwambia, "Hutacheza kwenye ya saba."

"Kwa nini?"

Nikaenda kabatini, nikamletea kamera. Nikamwonyesha visanduku. Nikamweleza kila kitu, kuanzia menyu, mpaka Edsel alivyonieleza, mpaka siku sita nilizokaa nalo tumboni kama mwoga. Feli alikuwa mlangoni na ufagio, kasikia yote.

Wa kwanza kulipuka ni Feli. "Yaani miezi hii yote umemweka mtoto mbele ya kitu kinachokula picha? Santo! Mimi namwona Rosenda vipande vipande miaka kumi na sita, na wewe ndani ya nyumba yangu unaniletea kingine cha namna hiyo? Na kwa Edsel ulimkataza!"

"Nilimkataza."

"Kwa kiburi tu!"

"Kwa kiburi tu," nikasema. Ndivyo ilivyokuwa, ningesema nini?

Jonalyn alikuwa anaikuza ile picha kwa vidole, anahesabu mashimo. Nilitamani anitukane. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikasogea. Kumbe anacheka.

"Tiyo. Ngoja. Kwa hiyo kila picha ya tano sikuwa naiona?"

"Hukuwa unaiona."

"Na niliwafunga?"

"Uliwafunga."

"Wote? Na skrini chongo?"

Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Baadaye ndipo kalia, kidogo, na Feli kamkumbatia huku ananitazama mimi vibaya juu ya kichwa chake. Kisha Jonalyn kafuta uso, kavaa viatu. "Nenda kamwombe," kaniambia. "Wewe mwenyewe, Tiyo. Si mimi."

Nimevuka barabara, maji hadi magotini. Edsel alikuwa anafagia tope. Nikamwambia nimepima, inaruka. Nikamwambia nilikosea Juni na leo nimekuja kuomba kiti. Hakuniacha nimalize. "Jenereta ninayo, Mzee. Ila ina kikohozi. Njoo uisikilize."

Nimeshinda nayo mchana kutwa. Kabureta.

Septemba 21, Jumamosi

Saa nane kasoro robo Jonalyn kakaa kwenye kiti chekundu. Mimi nyuma kwenye jenereta, mlango wazi ili nione. Feli na rozari. Edsel anazunguka anauma kucha.

Mzunguko wa kwanza kafa. Wa pili kafa. Wa tatu kafa hata kabla sijakaa vizuri. Risasi zake zote zinapiga ukuta, mtu anatokea baadaye, anamuua. Kati ya mizunguko tisa ya mwanzo upande wake walishinda miwili tu. Kageuka, uso mweupe.

"Tiyo, nafyatua kabla hawajafika! Wanatembea polepole! Kila mtu anatembea polepole!"

Ndipo nilipoelewa, na nadhani naye alielewa pamoja nami. Miezi miwili na nusu alikuwa akicheza na mashimo, akijifunza kukisia kilichomo ndani ya kila shimo. Anasikiliza hatua, anahesabu, anafyatua mahali mtu atakapokuwa, maana akingoja kumwona kachelewa. Sasa hakuna shimo. Anamkisia mtu ambaye yuko wazi mbele yake.

"Sasa unaona vyote!" nikampigia kelele juu ya jenereta. "Kisia kama kawaida, halafu ngoja umwone! Ngoja tu!"

"Nisubiri?"

"Subiri!"

Mzunguko wa kumi kasubiri. Sijui kuusimulia mchezo wenyewe, mimi ni mtu wa waya. Ninachojua ni kwamba alikuwa ameshalenga pale mtu atakapotokea, ametulia, na mtu anapotokea ndipo kidole kinashuka. Mara moja. Mara nyingine tena. Edsel kaacha kucha. Mzunguko wa kumi na mbili jenereta ikakohoa, nikaishika ile kabureta kwa mkono mtupu mpaka ikatulia, nina malengelenge sasa hivi naandika kwa shida. Feli kaacha rozari katikati, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane.

Kumi na tatu kwa kumi na moja. Wameshinda.

Jonalyn hakushangilia. Kaziangalia picha zikipita pale kwenye skrini ya Edsel, laini, nzima nzima. "Kumbe ndivyo ilivyo," kasema.

Septemba 25, Jumatano

Bado hawajaandika. Begi la Kuwait na begi la Iloilo yako pamoja kwenye ukumbi. Feli anafagia kuyazunguka.

Oktoba 1, Jumanne

WAMEMCHUKUA.

Kocha kamwuliza alijifunzia wapi kusoma watu namna ile. Jonalyn kamwambia ukweli: kwenye skrini ya Tiyo inayoruka. Kocha kadhani ni utani.

Tumempigia Rosenda. Picha imekwama mdomo wazi, na safari hii tulijua bila kuona kwamba yuko katikati ya kilio.

Oktoba 6, Jumapili

Kaondoka na basi la saa moja asubuhi. Edsel kambebea begi. Mimi nilimpa kamera, maana Edsel kasema ibaki kwangu na mimi sina mtu mwingine wa kumpa. Kasema, "Tiyo, nitazipima zote za kwao." Nimemwambia apime kinachotoka.

Nyumba kimya. Feli kapika wali wa watu watatu.

Oktoba 14, Jumatatu

Habari imeenea mji mzima kama moto. Vijana kumi na wawili dukani, wote wanataka skrini inayoruka! "Mzee Santo, tuwekee mashimo!" Hata Edsel kavuka barabara, eti nimfundishe kuharibu moja ya zake kwa ajili ya mazoezi. Nimemfukuza kwa bisibisi. Kisha nimemwita arudi tunywe kahawa.

Jibu langu kwa wote ni moja. Yule binti angefika hata kwa skrini nzima, tena bila kunitoa roho. Hakuna anayenisadiki.

Oktoba 15, Jumanne

Nimebandua karatasi nyekundu. Nimeirudisha ya saba sitini, nikaazima kamera ya mtoto wa Milagrosa, nikaipima. Visanduku vyote vinawaka, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho.

Novemba 16, Jumamosi

Siku ya tano hakuna mvua. Nimeondoa ndoo.

Leo timu ya Jonalyn imecheza mechi yake ya kwanza ya ligi, nayo imeonyeshwa moja kwa moja. Edsel alitualika kwake, kwenye kiyoyozi. Feli kakataa. Kavaa gauni la kanisani, kaja dukani saa saba, kamwinua kijana aliyekuwa kwenye ya saba, kakaa yeye. Kwenye kona ya picha wanaonyesha nyuso za wachezaji, ndogo kama stempu. Wa tatu ni Jonalyn.

"Kakonda," kasema Feli.

"Hajakonda."

"Kakata nywele. Kwa nini hakuniambia?" Kasogea mpaka pua inakaribia kioo. Kisha kageuka, kanitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyakwepa. "Santo. Hii ndiyo ile iliyokuwa inaruka?"

"Ndiyo. Nimeirudisha. Nimeipima kwa kamera."

"Kwa hiyo ninachokiona hapa ndicho chote? Hakuna kinachorukwa?"

"Hakuna, Feli. Kila picha."

"Basi sogeza kichwa chako," kasema. "Unanizibia."